Waya wa Breki Usingojwe Ukatike

Katika baiskeli nyingi zinazozunguka mijini na vijijini Afrika Mashariki, mkono mmoja wa breki ni pambo. Upo palepale, ukiminywa unakwenda hadi unagusa usukani, na chini hakuna kinachosogea. Waya ulikatika siku nyingi, au ulishikwa na kutu ukagoma, mwenye baiskeli akaung'oa na kubaki na breki moja. Aghalabu iliyobaki ni ya nyuma. Hiyo nayo ikifa, zipo soli za kandambili.

Jambo hili limezoeleka hata halihesabiwi kuwa ubovu. Baiskeli yenye pancha haitoki nyumbani. Isiyo na breki inatoka, inabeba gunia la mkaa, inabeba abiria, inampeleka mtoto shule. Ajali ikitokea lawama humwendea dereva wa lori, na mara nyingi kweli ndiye mwenye kosa. Lakini mwendesha baiskeli asiye na breki alikwisha kujinyima nafasi aliyokuwa nayo ya kulikwepa kosa la mwenzake. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kati ya kila 100 wanaokufa, takriban 6 ni waendesha baiskeli.

Waya wa breki ni kitu cha kubadilishwa nyumbani, na mwenye baiskeli mwenyewe, kabla haujakatika. Kazi hiyo haidai cheti cha chuo cha ufundi. Inadai spana moja au mbili, koleo kali, tone la oili na sehemu ya jioni moja. Kinachokosekana katika nyumba nyingi si pesa wala vifaa, ni mazoea tu.

Waliojifunzia kuendesha kwenye Phoenix au Raleigh za zamani wana udhuru kidogo. Breki za baiskeli zile ni za vyuma: mkono ukivutwa, fito hunyanyua raba na kuzikandamiza kwenye rimu kwa upande wa ndani. Fito hazikatiki ovyo. Zikipinda hunyooshwa kwa nyundo, zikilegea hukazwa, basi. Baiskeli ya namna hiyo inaweza kukaa miaka bila mtu kuzigusa breki zake, na zikaendelea kushika kiasi. Baadaye zikaja baiskeli za gia, BMX za watoto, na kule Unguja na Dar es Salaam mitumba ya Japani yenye kikapu mbele na kengele ya upole. Hizi zote zinategemea waya. Chombo kikabadilika, mazoea yakabaki yale ya fito: usiguse mpaka kife.

Waya wenyewe si kitu kigeni. Ernest Monnington Bowden, mvumbuzi kutoka Ireland, alipata hataza yake mwaka 1896, na hadi leo kanuni haijabadilika. (Sifa hiyo mara nyingi hupewa Frank Bowden, mwenye kiwanda cha Raleigh kule Nottingham, kwa sababu ya jina tu. Ni watu wawili tofauti.) Dereva wa bodaboda anapovuta klachi anatumia uvumbuzi huohuo.

Ndani kuna waya wa chuma uliosukwa kwa nyuzi nyembamba, wenye unene wa milimita 1.5 au 1.6. Nje kuna kava la milimita 5 hivi: chuma bapa kilichoviringishwa mzungusho wa springi, ndani yake mrija mwembamba wa plastiki, juu yake plastiki nyingine ya kuzuia maji. Wengi huliona kava hilo kuwa nguo ya waya, likichanika si kitu. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Waya unapovuta, kava husukuma kwa nguvu ileile kuelekea upande wa pili. Kazi ya kusimamisha baiskeli inagawanywa kati yao nusu kwa nusu. Kava likiwa limepasuka, limebonyea, au ncha yake imekatwa mshazari, nguvu ya vidole huishia kulikandamiza kava badala ya kuibana rimu. Mwenye baiskeli huona mkono wa breki umekuwa laini, hukaza waya, breki hushika siku mbili, halafu hulegea tena. Atakaza mwaka mzima. Ugonjwa hauko kwenye waya.

Na waya unapokufa, haufi ghafla. Sehemu inayoumia zaidi ni kichwa chake, kile kidonge kinachokaa ndani ya mkono wa breki, kwa sababu pale waya hujikunja kidogo kila breki inapovutwa. Uzi mmoja hukatika, kisha wa pili, kisha wa tatu. Zilizobaki hubeba mzigo wa zilizokwenda. Breki inaendelea kufanya kazi kama kawaida mpaka siku ambayo mwendeshaji anaivuta kwa nguvu zake zote, na siku hiyo kwa kawaida ndiyo siku ya hatari. Waya haukatiki baiskeli ikiwa imeegeshwa ukutani. Ndiyo maana kauli ya "bado inashika, tutaona" haina maana kwa kifaa hiki. Inaweza kusemwa kwa kengele, kwa madigadi, hata kwa siti iliyochanika. Kwa waya wa breki haifai.

Mahali nako kuna neno lake. Unguja, Tanga na Mombasa upepo wa bahari una chumvi, na waya wa chuma cha kawaida huota kutu ndani ya kava ambako jicho halifiki. Dodoma na Singida adui ni vumbi, linaloingia kwenye ncha za kava na kuchanganyika na oili likawa msasa. Wakati wa masika maji huingia juu, hushuka, hutuama penye mkunjo wa chini kabisa wa kava, na kutu huanzia hapo. Baiskeli za Kijapani zenye breki ya nyuma iliyofungwa kitovuni mwa gurudumu zina mkunjo wa namna hiyo karibu na ardhi kabisa, jirani na matope.

Baada ya waya, kuna mjadala wa breki ya mbele, ambao kwa kweli haukustahili kuwa mjadala. Imani kwamba breki ya mbele "itakupindua" imewafanya watu wengi waiondoe kwa makusudi. Ni kweli kwamba mtu akiibana ghafla kwa nguvu zote, akiwa kwenye mteremko na uzito wake umeegemea usukani, anaweza kurushwa mbele. Lakini baiskeli inapopunguza mwendo, uzito huhamia gurudumu la mbele, na la nyuma hubaki jepesi, tayari kuserereka. Mbele ndiko kwenye mshiko. Baiskeli iendayo kilomita 25 kwa saa hupita mita 7 kila sekunde. Kwenye lami kavu, breki nzima ya mbele inaweza kuisimamisha katika mita kama 5. Ya nyuma peke yake huhitaji karibu mara mbili ya hapo. Tofauti ya mita 5 ndiyo tofauti ya kusimama kabla ya kivuko na kusimama katikati yake. Na baiskeli iliyopakia mzigo kwenye keria, kwa jinsi uzito ulivyokaa nyuma, ni ngumu zaidi kupinduka kuliko ile tupu. Aliyeondoa breki ya mbele kwa kuogopa kupinduka ameondoa breki yenyewe na kubakiza msaidizi wake.

Penye mvua mambo huharibika zaidi, hasa kwa rimu za chuma kilichong'arishwa, ambazo zikilowa hushika vibaya mno kuliko za alumini. Hapo waya mzuri hauwezi kufanya miujiza, lakini waya mbovu unamaliza hata kile kidogo kilichobaki.

Tuchukue mteremko mmoja. Barabara ya Lushoto hadi Mombo, milima ya Usambara, ina urefu wa kilomita 33 hivi na hushuka karibu mita 1,000. Mtu na baiskeli na mzigo wake, jumla kilo 150, wakishuka mita 1,000, nishati inayopaswa kumalizwa njiani inatosha kuchemsha zaidi ya lita 4 za maji. Nyingine huchukuliwa na upepo na tairi. Iliyobaki yote hupita kwenye raba za breki, ikiagizwa na waya wenye unene usiofikia milimita mbili. Wapanda baiskeli wa Burundi wanaoshuka na ndizi kutoka Bugarama kwenda Bujumbura wanaijua hesabu hiyo kwa mwili. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na wakimbiaji walishuka vilima vya mji huo kwa breki za diski zinazosukumwa na mafuta maalumu. Barabara zilipofunguliwa tena, vilima vilevile vilirudi kwa watu wenye abiria kwenye keria.

Sasa kazi yenyewe.

Kwanza mwenye baiskeli ajue mkono upi unashika gurudumu lipi. Baiskeli zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani na Uingereza kwa kawaida zina breki ya mbele mkono wa kulia. Za Marekani na za nchi nyingi za Ulaya bara, mkono wa kushoto. Mitumba imezichanganya zote, kiasi kwamba nyumba moja inaweza kuwa na baiskeli mbili zinazopingana. Siku ya kubadilisha waya ndiyo siku nzuri ya kuzipanga ziwe za namna moja, ili mtoto anayechukua baiskeli ya kaka yake asivute mbele akidhani ni nyuma.

Dukani aende na waya wa zamani mkononi. Vichwa vya waya viko vya namna mbili: cha mviringo kama pipa dogo, kwa baiskeli za usukani ulionyooka, na cha umbo la pea, kwa zile za mashindano zenye usukani uliopinda. Nyaya nyingi za bei nafuu huuzwa zikiwa na vyote viwili, kimoja kila ncha, kisichohitajika hukatwa. La kuangalia sana ni unene. Waya wa gia una milimita 1.1 au 1.2, na muuzaji asiyejali atautoa akisema ni uleule. Si uleule. Hatari zaidi ni kava la gia: nyuzi zake za chuma zimelala kwa urefu, hazikuzungushwa, zikashikiliwa na plastiki tu, na kwa nguvu ya breki linaweza kupasuka papo hapo. Kwa yeyote anayeishi karibu na bahari, waya wa chuma kisichoshika kutu unastahili nyongeza ya bei yake.

Kabla ya kufungua chochote, simu itoe picha. Njia ya waya kutoka usukani hadi gurudumu inaonekana rahisi mpaka ikishafumuliwa. Kisha ncha ya chini hukatwa pale ilipochanuka, bolti inayobana waya hulegezwa kwa spana namba 10 au kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 5, kulingana na breki, na waya huvutwa kutoka juu. Kwenye mikono mingi ya breki kuna skrubu ya kurekebishia yenye mfereji. Mfereji huo ukilinganishwa na ule wa mkono, waya hutoka wenyewe bila ugomvi.

Kava la zamani likiwa zima, linasafishwa na kurudishwa. Likiwa limekauka, limepasuka au lina kutu ndani, litupwe. Waya mpya ndani ya kava bovu ni pesa iliyotupwa. Jipya hupimwa kwa la zamani, isipokuwa kama la zamani lilikuwa fupi na kujivuta kila usukani ulipogeuzwa. Usukani uweze kugeuka kulia na kushoto hadi mwisho bila kava kukazika, na pasiwe na kona kali. Hapa ndipo uvumilivu unapolipa. Koleo butu huponda ncha ya kava, mrija wa ndani unajifunga, na breki nzima inakuwa nzito kwa sababu ya milimita moja. Ncha ikishakatwa ipigwe tupa hadi iwe bapa, kisha mdomo wa mrija ufunguliwe kwa sindano nene au ncha ya spoku iliyochongwa. Mafundi wengi wa barabarani huruka hatua hii kwa sababu mteja amesimama kando anahimiza. Nyumbani hakuna anayehimiza, na hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kufanya kazi hiyo nyumbani.

Habari ya kulainisha ina ubishi wake. Kila nyumba ina dawa yake: wengine mafuta ya kula, wengine oili chafu iliyomwagwa na gari, wengine grisi ya beringi iliyopakwa kwa kidole. Mafuta ya kula yafutwe kabisa kwenye orodha. Yakikaa hewani huganda na kuwa gundi, na baada ya miezi michache waya hurudi kwa shida kuliko siku ulipokuwa mkavu. Oili chafu imebeba masizi na chembe za chuma za injini, na kumwaga chembe za chuma ndani ya kava ni kulisaga kwa hiari. Grisi nzito ina mahali pake, lakini si ndani ya kava lenye mrija wa plastiki. Hukusanya vumbi, na asubuhi za baridi kule Njombe au Makete huwa ngumu.

Kava la kisasa lenye mrija wa plastiki linahitaji kidogo sana, tone moja au mawili ya oili nyepesi likipakwa juu ya waya kwa kitambaa wakati wa kuuingiza. Mengine huja yamekwisha kutiwa grisi laini kiwandani na hayahitaji kitu. Makava ya zamani yasiyo na mrija ndiyo yanayodai oili au grisi nyepesi kila baada ya muda, kwa kuwa huko chuma kinasugua chuma. Na oili nyepesi iliyo karibu kuliko zote imo katika nyumba nyingi: ya cherehani. Haigandi, inapenya, na inauzwa kwa kichupa kidogo. Zile za kupuliza kutoka kwenye kopo, kama WD-40, ni nzuri kwa kufukuza maji na kufungua kutu. Herufi mbili za mwanzo za jina lake zinatokana na kazi hiyo ya kuondoa maji. Lakini hukauka upesi, kwa hiyo baada yake waya bado unahitaji oili yake.

Kuna njia ya kulainisha bila kufungua bolti hata moja, na inashangaza kwamba watu wachache huitumia. Baiskeli nyingi za gia zina vishikizo vyenye mfereji kwenye fremu ambako kava huishia. Breki ikiachiliwa kule chini, waya hulegea, kava huchomolewa kwenye vishikizo na kutelezeshwa kando, na sehemu ya waya iliyojificha miezi yote hutokea. Inafutwa, inapakwa oili kidogo, inarudishwa. Dakika kumi zinatosha. Baiskeli za Kijapani zenye kava refu lisilokatika haziruhusu hilo. Kwa hizo, ncha ya juu ya kava hufungwa kipande cha nailoni kama faneli, oili hutiwa humo, na baiskeli huachwa usiku kucha oili ijishukie polepole. Chini pawekwe kitambaa. Tone la oili likigusa rimu au raba, breki imekwisha mpaka pafutwe kwa sabuni na maji, na raba iliyolowa oili kabisa ni ya kubadilishwa. Kwa breki ile ya kitovuni mwa gurudumu, oili isikaribie ndani hata kidogo.

Kurudisha ni kwenda kinyume cha kutoa. Skrubu ya kurekebishia ifungwe hadi mwisho kisha irudishwe mizunguko miwili, ili ibaki nafasi ya kukaza baadaye bila spana. Raba zibanwe kwenye rimu kwa mkono mmoja, waya uvutwe kwa koleo, bolti ikazwe. Baadaye mkono wa breki uvutwe kwa nguvu mara nyingi, kwa nguvu kuliko itakavyovutwa barabarani. Waya utaonekana kulegea kidogo. Kwa hakika ni ncha za kava zinazojikaza kwenye makao yake. Waya ukazwe tena. Mkono ukivutwa kikamilifu usifike kwenye usukani, na ukiachwa urudi wenyewe bila kusukumwa. Ncha iliyobaki ya waya ikatwe kwa urefu wa vidole viwili vitatu na kuvalishwa kikofia chake cha bati. Kisipopatikana, gundi kali au risasi ya kulehemu itazuia nyuzi zisichanuke, na zisizame kwenye vidole vya mtoto anayeosha baiskeli.

Jaribio la kwanza lifanywe kwa miguu. Baiskeli isukumwe, breki ya mbele ivutwe: gurudumu la nyuma linyanyuke. Ya nyuma ivutwe: gurudumu likatae kuzunguka. Kisha mwendo mdogo uwanjani. Barabara kuu isubiri.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanawanyang'anya mafundi riziki. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa kuwa fundi baiskeli aliye chini ya mwembe ni huduma ambayo nchi nyingi tajiri zimeipoteza. Lakini fundi huyo hakosi kazi. Kunyoosha rimu iliyopinda, kufunga spoku upya, kubadilisha beringi za pedeli, kuchomelea fremu iliyopasuka: hizo ndizo kazi zinazodai mkono wake na zinazomlipa vizuri. Waya ni kazi ya haraka yenye malipo madogo, na kwa sababu ni ndogo, mteja huiahirisha. Anayejua kubadilisha waya nyumbani humjua pia fundi aliyelikata kava vizuri na aliyeliponda, na mafundi wazuri hunufaika na wateja wa namna hiyo.

Hoja nyingine ni nzito zaidi: kwa nini kuhangaika na waya, wakati zipo baiskeli zisizouhitaji? World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, lilipotengeneza baiskeli yake ya Buffalo kwa ajili ya vijiji vya Afrika, lilichagua breki ya nyuma ya kukanyaga pedeli kinyume. Hakuna waya wa kukatika hapo wala kava la kuingia maji. Ni uamuzi wa busara kwa mwanafunzi anayetembea njia ya vumbi mbali na duka la vipuri, na wanaopewa baiskeli hizo wasizidharau. Ila mnyororo ukitoka, breki hiyo imekwenda nayo. Tena baiskeli zilizokwisha kujaa barabarani, zile za gia na mitumba ya Japani, hazitageuka kuwa Buffalo. Zina waya, na waya unataka mtu wa kuuangalia.

Wa kulaumiwa zaidi ni wauzaji. Baiskeli ya mtoto ikiuzwa mpya mara nyingi hutoka dukani ikiwa imefungwa haraka haraka, raba zikigusa tairi badala ya rimu, na mkono wa breki ukiwa umewekwa mbali kiasi kwamba vidole vya mtoto wa miaka 7 havifiki. Mikono mingi ina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani. Ni kazi ya dakika moja, na haifanywi. Muuzaji anayeweza kumpa mteja kengele ya bure anaweza pia kumpa waya mmoja wa akiba na kumwonyesha unavyoingia. Shule zenye wanafunzi wanaokuja kwa baiskeli zina walimu wa stadi za kazi na zina ua wa kutosha. Kipindi kimoja kwa muhula, kila mwanafunzi na baiskeli yake, kingefundisha zaidi ya mabango yote ya wiki ya usalama barabarani.

Mzazi asisubiri duka wala shule. Leo jioni, baiskeli ikirudi nyumbani, avute mikono yote miwili ya breki na atazame ndani yake kwa tochi ya simu, pale kichwa cha waya kilipokaa. Akiona uzi hata mmoja umechomoza, au mkono ukigusa usukani, kesho mtoto aende shule kwa miguu mpaka waya mpya upatikane.